Wakazi wa Kawaida

Nkwabi hakuwa na tabia ya kupekua mkoba wa mkewe. Asubuhi ile alilazimika tu, kwa kuwa mwenyekiti wa kitongoji alikuwa akipita nyumba kwa nyumba pale Kharumwa kuandikisha watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa, naye hakuikumbuka sawasawa tarehe aliyozaliwa binti yake, Wema. Generosa alikuwa ameteremka bombani. Mtoto, wa miezi saba, alikuwa amelala kitandani, mikono ameitupa juu kama mtu aliyeshinda kesi. Nkwabi akafungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki, na katikati ya kadi akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne.

Kule kukunjwa mara nne ndiko kulikomshtua. Karatasi isiyo na neno hukunjwa mara moja ikatosha.

Aliikunjua. Ilikuwa na muhuri wa hospitali, jina la mkewe juu, na tarehe ya siku ambayo yeye alikuwa chini ya ardhi upande wa Bugarama, kwenye duara anamochimba dhahabu na wenzake, wiki tatu kila mwezi. Mengine yote yalikuwa kwa Kiingereza. Nkwabi alimaliza darasa la saba. Kiingereza alikisoma kama mtu anayehesabu mawe, herufi moja moja, bila kujua nyumba iliyojengwa nayo. Hata hivyo maneno mawili aliyatambua. La kwanza lilikuwa jina la mtu, Flora. La pili lilikuwa “positive”, na ubavuni mwake alama mbili za kujumlisha. Alama za kujumlisha alizifahamu tangu utotoni: ukiwa nazo kwenye karatasi ya malaria, hata moja, unameza dawa chungu.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Flora ni nani? Hakuwa na shemeji wa jina hilo, wala shangazi, wala jirani. Na hilo la pili nani asiyelijua?

Maana Nkwabi alikuwa na jambo lake. Wakati wa masika, mashimo yalipojaa maji na wachimbaji wakakaa bure kambini, aliwahi kulala mara kadhaa kwa Jenifa, mwanamke aliyekuwa akiuza chai na vitumbua karibu na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Mvua zilipokatika, na jambo likakatika. Alijiambia limepita. Sasa karatasi hii ilikuwa kama inamsema yeye. Lakini moyo wa mwenye kosa haukosi mlango wa nyuma. Kabla hata hajamaliza kuogopa, alikwisha anza kuuliza swali jingine. Wiki tatu za kila mwezi mimi sipo. Mke wangu huwa na nani?

Alipiga picha ile karatasi kwa simu, akaikunja vilevile mara nne, akairudisha. Generosa alipoingia na ndoo yake alimkuta mumewe amempakata mtoto.

“Nilipokuwa kazini hukuugua?” Nkwabi aliuliza.

“Hata mafua,” alijibu Generosa, akageukia mtungi.

Uongo ule mdogo ndio uliomfunga mdomo. Angetaja hospitali, hata kwa kukwepakwepa, huenda Nkwabi angeitoa karatasi na mambo yakaishia hapo. Lakini alidanganya, tena bila kumtazama. Tangu saa ile Nkwabi akawa mtu wa kusikiliza kila kitu mara mbili: simu ya mkewe ilipolia, kicheko chake na majirani, namna alivyojifunga kanga kabla ya kutoka.

Aliporudi Bugarama alimfuata Luka, mwenzake wa duara moja. Luka aliwahi kufanya usafi kwenye ofisi za kampuni kwa miaka miwili, na kwa hiyo pale kambini ndiye aliyewasomea wenzake barua zote za Kiingereza. Nkwabi alimwambia kwamba karatasi ni ya dada yake. Luka alikuza picha kwa vidole, akakunja uso, akasoma kwa sauti ya chini.

“Positive ni positive, ndugu yangu,” alisema hatimaye. “Mwambie dada yako asikate tamaa. Siku hizi watu wanakunywa dawa wanazeeka.”

Nkwabi aliuliza kuhusu huyo Flora. Luka akasema si mtu, maana limeandikwa kwa herufi ndogo, na akaliingiza neno, pamoja na lile lililolitangulia, kwenye simu ili yatafsiriwe. Simu ikajibu: mimea ya kawaida. Wakatazamana. Mimea gani tena ndani ya mwili wa mwanamke? Luka alisema yeye hajui, ila amewahi kusikia wapo wanawake wanaopewa mizizi na waganga ili mume asitazame nje. Alilisema kwa mzaha, akaendelea kunoa tindo lake. Nkwabi hakucheka. Siku nzima, akining'inia kwenye kamba na tochi kichwani, aliwaza mimea inayoota gizani.

Wiki haikwisha akaaga kwamba anaumwa mgongo, akarudi Kharumwa. Hakupitia nyumbani. Alikwenda kwa Gelasius, mwenye duka la dawa karibu na stendi. Gelasius alikuwa akimsaidia mjomba wake kuuza. Mjomba alipofariki, akabaki na duka na koti jeupe, na watu wakaanza kumwita daktari. Hakukataa.

Gelasius aliitazama picha kama anayeangalia noti bandia. Akasema Luka amepotoka, hapa hakuna habari ya UKIMWI kabisa. Nkwabi akanyosha mkono achukue simu yake. Lakini Gelasius alikuwa hajamaliza. Alisema hawa ni bakteria, tena wenye umbo la fimbo, neno lenyewe ni hili hapa, na alama mbili maana yake ni wengi. Wamechukuliwa sehemu za siri. Nkwabi akauliza mtu hupataje wadudu kama hao mahali kama pale.

“Hilo mwulize mwenyewe,” Gelasius alisema. “Mimi nauza dawa, siuzi ugomvi. Ila akitibiwa mmoja, mwingine atamrudishia. Mezeni wote wawili, siku saba, bila kuruka.”

Akampa kapsuli za aina mbili, kali zote, ndani ya bahasha za khaki.

Njiani Nkwabi aliwaza atamwambiaje Generosa. Akimpa dawa mkononi atauliza ni za nini. Akiuliza, itabidi amwambie kwamba alipekua mkoba. Naye atakana, atalia, atapeleka maneno kwao Ushirombo, na mwisho wa yote wazee watataka kujua na yeye kule mgodini anaishije. Hapana. Bora amponye kwanza, amchunguze baadaye. Ndivyo alivyojiambia, na kwa kuwa alitanguliza neno kuponya, akaona anafanya wema.

Kesho yake aliamka kabla ya mkewe, akawasha moto, akakoroga uji wa ulezi. Alizifungua kapsuli, akamwaga unga kwenye kikombe cha Generosa, akaongeza sukari na ukwaju mwingi kuua uchungu. Generosa aliona ajabu, mume kupika uji. Alikunywa akisema umezidi ukali, lakini alitabasamu. Mama Limi, jirani yao, aliposikia alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba wanaume wa namna ile wamebaki wa kuhesabu, na akamwambia Generosa, “Mayu, mama yangu, mshike sana huyo.”

Nkwabi alipika uji siku saba. Za kwake alizimeza kwa maji chooni, mlango ameufunga.

Siku ya nne tumbo lake lilianza kunguruma na kumwendesha, akajua dawa imeanza kazi. Siku ya tano Generosa naye alianza kuharisha. Alikwenda chooni mara sita, akarudi ameshika ukuta. Nkwabi alimtazama na ndani yake kuna kitu kikasema: unaona, ugonjwa unatoka. Kadiri mkewe alivyodhoofu, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba Gelasius alisema kweli. Swali moja tu lilimtia wasiwasi. Siku ya sita Generosa alimwuliza huo ulezi aliununua wapi, na alipouliza alikuwa akikitazama kikombe. Nkwabi akajibu gulioni. Akaona mkewe anakinywa polepole, kama mtu anayepita kwenye daraja bovu.

Kisha akaanza kulia Wema.

Hakikuwa kilio cha njaa. Mtoto alikuwa akilishika ziwa, ananyonya mara mbili, analiachia kwa kupiga kelele. Nepi zilijaa maji ya kijani. Generosa alipomfungua mdomo waliona ulimi mweupe, na ndani ya mashavu madoa kama maziwa yaliyoganda, yasiyofutika kwa kitambaa. Chuchu za Generosa zilikuwa zimepasuka, zinang'aa kwa wekundu. Alisema zinachoma kama zimepakwa pilipili, na si huko tu. Siku ya nane asubuhi utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea. Mama Limi alipouona aliacha maneno yake yote, akamwita dereva wa bodaboda.

Hospitalini walipokelewa na Daktari Mwita, mtu wa Tarime, mrefu, anayeongea kama anayesoma amri. Alimpima mtoto, akaagiza apewe maji ya chumvichumvi kwa kijiko bila kukoma. Akamtazama Generosa ulimi, mikono, akauliza maswali kwa sauti ya chini. Halafu akauliza, “Umetumia dawa gani wiki hizi?”

Generosa alisema hakuna.

“Za kutibu kikohozi, mkojo, jino? Kapsuli zozote?”

“Hakuna, daktari.”

Mwita akaandika kitu. Akauliza tena, safari hii akimkazia macho, kwa sababu alichokuwa akikiona hakikufanana na alichoambiwa. Nkwabi alikuwa amesimama karibu na dirisha. Aliliona lile jicho la daktari na akalitambua, maana lilikuwa jicho lake mwenyewe. Ndivyo yeye alivyokuwa akimtazama mkewe mwezi mzima. Akaona jinsi lilivyo likimwangukia mtu asiye na kosa. Generosa alijikunyata, akavuta kanga mabegani, akarudia kwamba hajameza chochote, kwa sauti ya mtu anayejua hataaminiwa.

Daktari akamwambia muuguzi wamtafutie mama mshipa. Kama kuhara huku hakutokani na dawa, basi ni maambukizi, wamwanzishie sindano za kuua bakteria.

“Daktari,” Nkwabi alisema. “Naomba tuongee nje.”

Huko koridoni aliyasema yote bila kupumua: karatasi, Gelasius, uji. Mwita alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, daktari alirudi wodini, akazifuta zile sindano alizokuwa ameagiza, akaandika dawa ya matone ya mdomoni kwa mtoto na ya kupaka kwa mama. Kisha akamwita Nkwabi ofisini, akafunga mlango, akaomba picha ya ile karatasi.

Aliisoma mara moja tu.

“Hii ni karatasi ya mtu mwenye afya,” alisema. “Neno hili la Flora maana yake wakazi wa kawaida. Mwili wako una wadudu wadogo wasioonekana, kwenye ngozi, mdomoni, tumboni, kote. Wamezaliwa humo, wanaishi humo, wana kazi zao. Hawa wa mkeo wanakaa mahali pao wanalinda. Aliyeandika alikuwa anasema: nimetazama, nimewakuta wenyeji, sikuona mgeni.”

Ungedhani Nkwabi angefarijika. Lakini shaka ikishajenga kiota haihami kwa kupigiwa kelele mara moja. Alijiuliza kwa nini daktari huyu anamtetea Generosa kwa haraka hivyo. Alimfahamu? Karatasi ilitoka hospitali hii hii. Mwishowe akauliza waziwazi, na hilo “positive” ni la wenyeji pia?

Mwita hakukasirika, au hakuonyesha. Alisimama, akamwambia amfuate maabara. Huko alichukua kijiti chenye pamba, akamwambia Nkwabi afungue kinywa, akampangusa kwenye fizi na ndani ya shavu. Alikipakaza kile kijiti kwenye kioo kidogo, akakipitisha juu ya moto, akamwagia dawa ya zambarau, akasuuza, akamwagia nyingine, akasuuza tena. Nkwabi alikuwa akifuatilia kila chupa, kama mtu anayeangalia dhahabu yake ikipimwa na mwenye mzani. Kisha daktari akarekebisha darubini na kumwachia kiti.

Mwanzoni Nkwabi aliona kope zake mwenyewe. Halafu, polepole, akaona. Shanga za zambarau zilizotungwa kwenye nyuzi. Nyingine zimerundikana mafungu mafungu. Na katikati yake, vijiti. Vingi, vimelala huku na huku kama kuni zilizomwagika kutoka mkokotenini.

“Waliokamata rangi ya zambarau ndio tunawaita positive,” Mwita alisema nyuma yake. “Ni jina la rangi tu. Hao ni wa kinywa chako, tena umemeza dawa siku saba na bado wamo. Nikikuandikia karatasi sasa hivi, itafanana na ya mkeo. Nimpe aisome, aamue ulikuwa wapi?”

Nkwabi hakuondoa jicho kwenye darubini. Ilikuwa rahisi kumtazama mdudu kuliko kumtazama daktari.

Mwita akavuta kigoda, sauti yake ikateremka. Alimwuliza kama amechunga ng'ombe. Nkwabi akasema ni Msukuma, angekosaje. Basi, alisema daktari, ukichinja ng'ombe ukapasua tumbo kubwa, yale majani yaliyochacha nani ameyachachusha? Ng'ombe peke yake hawezi kusaga nyasi. Wapo wadudu tumboni mwake wanaomsagia, ukiwaua wote atakufa njaa na majani tele tumboni. Binadamu naye anao wake. Na wanafanya kazi nyingine: wanakaa kwenye nafasi, mwovu asipate pa kukaa. Kama sungusungu wa kijiji. Ukungu ule ulio mdomoni mwa mtoto haukutoka mbali, ulikuwepo siku zote, kidogo tu, umebanwa. Nkwabi aliwafukuza sungusungu, vibaka wakatoka vichakani.

“Na mtoto?” Nkwabi aliuliza. “Mtoto sikumpa kitu.”

“Dawa nyingine hupita kwenye maziwa. Na wakazi wake wa kwanza aliwapokea kwa mama yake siku ile ile anazaliwa, anaendelea kuwapokea kila anaponyonya. Ulikuwa unamwaga sumu kwenye chemchemi moja, wanakunywa wawili.”

Akasema mtoto atapona, wamewahi. Wenyeji nao watarudi, taratibu, wakiachwa. Kuhusu Gelasius, alisema atampelekea mkaguzi wa dawa. Lakini kuhusu Generosa alisema hatamwambia yeye. “Utamwambia wewe. Leo.”

Nkwabi alirudi wodini akakuta Generosa akimnywesha Wema kwa kijiko. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Alisimama karibu na miguu ya kitanda, akaeleza. Hakujitetea sana, kila alipoanza kujitetea alimwona mtoto anameza, akapotelewa na maneno. Generosa hakumwangalia. Aliendelea kuchota, kuingiza, kusubiri, kuchota.

“Siku zote saba?” aliuliza baadaye.

“Zote saba.”

“Na mimi nilikuwa nakushukuru.”

Akaendelea na kijiko mpaka kikombe kikaisha. Ndipo akamlaza mtoto, akamgeukia mumewe kwa mara ya kwanza, na alipozungumza sauti yake haikuwa na machozi hata kidogo.

“Hujaniuliza kwa nini nilikwenda kupima.”

Nkwabi alikuwa hajawaza hilo. Mwezi mzima amewaza kila kitu isipokuwa hilo.

Generosa akamweleza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha mchanga huko Bugarama alikuja kwa ndugu zake Kharumwa, na pale bombani, katika maongezi, alimtaja Jenifa wa chai na mwanamume wake wa masika, mchimbaji wa duara, mtu wa Kharumwa mwenye kovu kwenye nyusi, kovu ambalo Generosa alilijua. Generosa alirudi nyumbani na ndoo nusu. Hakumwambia mtu. Siku ya pili alimbeba mtoto akaenda hospitali, akaomba apimwe kila kinachoweza kupimwa, kwa sababu ananyonyesha. Walimpima. Ya UKIMWI ilikuwa salama, imeandikwa kwenye kadi yake mwenyewe, si ya mtoto. Hiyo nyingine walimwambia ni nzuri pia. Aliikunja na kuificha kwa sababu hakujua aanze wapi kumwuliza mume swali kama lile. Alikuwa akingoja yeye aseme.

“Nilipokuona unapika uji,” alisema, “nilidhani ndiyo namna yako ya kuomba msamaha.”

Nkwabi alikiri habari za Jenifa. Hakukuwa tena na kitu cha kuficha ambacho kingekuwa kibaya kuliko kilichokwisha julikana. Generosa akamwagiza jambo moja: aende chumba kile cha mwisho akapimwe, sasa hivi, wakati yeye anamwona anaingia. Alikwenda. Majibu yalikuwa salama, ila aliambiwa arudi baada ya miezi mitatu ili kuhakikisha. Alipomletea Generosa karatasi, mkewe aliipitisha kwa muuguzi kwanza, akamwomba amsomee neno kwa neno.

Siku ya tano hospitalini madoa yalikuwa yamepungua mdomoni mwa Wema, akawa ananyonya bila kulia. Waliporuhusiwa, Generosa hakurudi nyumbani. Alipanda gari la Ushirombo, kwa mama yake, Febronia. Alichukua mtoto, nguo, na mkoba. Kwa Mama Limi alisema anakwenda kupumzika.

Nkwabi alibaki na nyumba. Watu walimpa pole ya ugonjwa, wengine wakamsifu tena kwa uji, naye akawa anakwepa kupita mbele ya mlango wa Mama Limi. Tumbo lake lilichukua karibu mwezi kutulia. Kila lilipomsokota aliwafikiria wale wa kwenye darubini, na akajikuta, mtu mzima, anaona haya mbele ya wadudu.

Baada ya wiki sita alikwenda Ushirombo. Febronia alimpokea kwa heshima yote impasayo mkwe. Alimjibu shikamoo yake akiwa ameinamisha macho, akamwekea kiti uani, akaagiza aletewe maji ya kunawa. Hakusema neno hata moja juu ya lililotokea, na Nkwabi aliona afadhali angetukanwa. Generosa alikuja akakaa kwenye mkeka, mbali kidogo. Wema alikuwa ameanza kutambaa. Alimfuata baba yake, akamshika kidole, akakitia mdomoni kabla hajanawa. Nkwabi akakichomoa kwa hofu.

“Mwache,” Generosa alisema. “Daktari alisema watoto huwapata wakazi wao hata kwa njia hiyo.”

Lilikuwa neno lake la kwanza lisilo na ukali. Waliongea mpaka jua likageuka. Generosa alisema atarudi, ila si kwa sababu amesahau. Alitaka Nkwabi aache kambi, atafute kazi ya kusaga mawe pale pale Kharumwa au ashike jembe. Alitaka apime tena miezi mitatu ikitimia. Na alitaka kitu kingine, ambacho alikitafutia maneno kwa muda mrefu.

“Ukiniona na kitu usichokielewa, niulize. Hata ukiuliza vibaya. Mimi nami nitakuuliza.”

Nkwabi alikubali yote. Alipima mara ya pili, salama. Gelasius alifungiwa duka, akalifungua tena kwa jina la mkewe, na watu wakaendelea kumwita daktari. Mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zilipoanza kupiga mabati, Generosa alirudi.

Hawakuwa watu wale wale. Generosa alipika mwenyewe, akapakua mwenyewe, na kikombe chake alikiosha kabla ya kunywea hata kama kilikuwa kisafi. Nkwabi aliona kwamba hiyo ndiyo bei ya uji wake, naye hakuwa na wa kumlalamikia.

Siku moja ya Februari Generosa aliamka na homa. Nkwabi alimletea maji na vidonge viwili vya kutuliza maumivu, bado vimo kwenye karatasi yake ya kung'aa. Akamtajia jina, akamwonyesha tarehe, akamwambia amevinunua wapi. Generosa alivipokea, akavigeuza nuruni, akavigeuza tena. Alikaa navyo kiganjani kitambo. Kisha akamwambia asante, akavifunga kwenye pindo la kanga, akavaa kandambili, akashika njia ya hospitali ili akamwulize daktari mwenyewe.

Nkwabi alimwinua Wema kutoka sakafuni, akamfunga mgongoni kwa kanga iliyokuwa kwenye kamba, wanawake wa bombani wakimkodolea macho, akamfuata mkewe nyuma.